Wifi Aliyechomoa Mwezi

"Ulichomoa mwezi, wifi, na leo utasema."

"Sisemi."

"Utasema."

"Kaseme wewe, mwenye mdomo usiojua likizo. Nipe kiatu changu."

Kiatu chake cha kulia nilikuwa nimekikalia. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, jikoni kwetu, birika linafoka na hakuna wa kuliepua. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alikuwa amesimama mbele yangu kwa mguu mmoja kama korongo, sare yake ya kazi imenyooshwa kwa pasi, macho yamemvimba. Hakulala. Najua hakulala kwa sababu tangu kaka yake afariki sisi wawili tunalala chumba kimoja, na usiku kucha kitanda chake kililalamika kama mkokoteni.

"Nikisema wananifukuza," akasema. "Nimebakiza miezi minne nistaafu. Miaka ishirini na sita nimepiga deki jengo lile, hakuna aliyewahi kuniita pembeni. Unataka nitolewe langoni kama mwizi?"

"Na usiposema?"

Akatazama birika.

"Usiposema, saa tano leo Fundi anampeleka Kichwa kwenye msumeno. Mficha uchi hazai, wifi."

"Anayetakiwa kuzaa si mimi," akajibu, kisha midomo ikaanza kumtetemeka. Nikainuka nikampa kiatu. Ugomvi wangu hauna meno mtu akilia.

Najua mnauliza mwezi unachomolewaje, na huyo Kichwa ni nani hata apelekwe kwenye msumeno. Nitaeleza. Ila kwanza niwaambie kwamba mimi ni mwongo, msije mkaambiwa na watu wengine mkaona nimewaficha. Nilizaliwa na meno mawili na maneno matatu, na neno la kwanza nililomwambia mkunga lilikuwa "umechelewa". Wajukuu zangu niliwahi kuwasimulia jinsi nilivyomshonea nyangumi kanzu nikaishiwa uzi kwenye mkono wa kushoto, nao wakaniuliza kwa heshima uzi ulikuwa wa rangi gani. Lakini nilipowaambia kwamba mchanga mweupe wa ufukweni, ule watu wanaolalia na kupigia picha, mwingi wake ni mavi ya samaki aitwaye pono, anayetafuna jiwe la matumbawe mchana kutwa na kulitoa kwa nyuma likiwa unga, walicheka mpaka mmoja akaanguka na kiti chake. Na hilo ni kweli tupu! Wifi alinionyesha pono mwenyewe kwenye tangi, akila, na akitoa. Kwa hiyo humu yale magumu kuamini ndiyo ya kweli. Uongo wangu nimeuweka kwenye yale mepesi.

Wifi ni msafishaji katika jengo la watu wanaochunguza viumbe vya bahari. Mimi hapo hapo ndiye mpika chai. Kazi alinitafutia yeye, na hajaacha kunikumbusha. Ni jengo refu la ghorofa moja, ukuta umepigwa rangi ya kijani hadi usawa wa bega, na korido yake inanuka chumvi kama mkono wa mpishi. Mwisho wa korido pana chumba chenye milango miwili na pazia jeusi katikati. Watu wote wanakiita Chumba cha Giza, ingawa humo ndani mwanga upo, tena mwingi. Tatizo ni saa zake.

Humo mna matangi manne ya matumbawe, kila tangi na jua lake na mwezi wake, kama wake wenza walivyo kila mmoja na chungu chake. Jua ni taa kubwa ya buluu inayoning'inia juu. Mwezi ni taa ndogo nyuma ya karatasi nyeupe, hafifu sana, na imeunganishwa na kisanduku chenye saa kinachoufanya ukue na kupungua, uchomoze na kuzama, usiku hadi usiku kama wa mbinguni. Sasa, matumbawe hutaga usiku, mara moja kwa mwaka, siku chache baada ya mwezi mpevu. Na Daktari, mwenye chumba hicho, ana pacha wachanga nyumbani. Alisema waziwazi kwamba pacha wanatosha, hawezi tena kukesha akingoja jiwe lizae. Basi akazigeuza saa za chumba. Mle ndani jua linazama saa tatu asubuhi. Wewe uko nje unaanika nguo, wao wako ndani wanaingia magharibi.

Nimesema jiwe, na wifi angenisikia angenipiga na mti wa deki. Tumbawe ni mnyama. Mmoja wake ni mdogo kuliko punje ya mchele, mdomo na tumbo tu, na vidole laini vinavyouzunguka mdomo. Hana jicho wala mfupa wala mguu. Lakini anachukua maji ya bahari, anachuja humo chokaa, anajijengea kiti cha jiwe chini ya makalio yake mwenyewe. Muda ukipita anajiinua kidogo, anajenga kingine juu ya kile. Jirani yake naye hivyo hivyo. Wameshikana ngozi, akila huyu anashiba na yule. Na ndani ya ngozi zao wamepangisha vijani vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyopika chakula kwa jua na kumgawia mwenye nyumba. Ndiyo maana maji yakipata joto kupita kiasi wapangaji wanahama, na mwenye nyumba anabaki mweupe pee, na njaa yake.

Tumefundishwa kwamba haba na haba hujaza kibaba. Hawa wamejaza bahari. Daktari aliwahi kunionyesha picha iliyopigwa kutoka juu kuliko ndege zinakofika: ukuta wa matumbawe ndani ya maji, mstari wa povu jeupe unaokwenda na kwenda, ukiufuata kwa gari ungebadilisha madereva. Bahari inakuja na hasira zake zote kutoka upande wa pili wa dunia, inafika pale inavunjika magoti, na nyuma ya ukuta maji yanalala kama mtoto aliyeshiba. Nikamuuliza Daktari ni mhandisi gani alijenga. Akasema, "Midomo tu, bibi." Nimetunga mengi maishani, lakini hilo sikuwahi kulifikiria.

Wifi mwenyewe hajawahi kuuona ukuta huo. Hajui kuogelea. Maji yakimfika magotini anaanza kuaga jamaa. Yote anayoyajua kuhusu bahari ameyaona kupitia kioo, akiwa na tambara mkononi.

Kichwa ni wake. Kwenye karatasi si wake, ana namba na jina refu la kitaalamu linalotamkwa kama mtu anayekohoa, lakini muulizeni mtu yeyote wa jengo lile. Miaka tisa iliyopita mashine ya kupoza maji iliharibika siku ya mapumziko, maji yakachemka kama ya kuoga, na matumbawe yote ya tangi la tatu yakapauka yakawa meupe kama chumvi. Bosi wa wakati huo akamwambia wifi ayatie kwenye ndoo akayatupe. Wifi akafika jalalani. Pale, akiwa ameinua ndoo, akaona kwenye kipande kimoja, kipande sawa na kidole gumba, doa la kahawia lisilozidi punje ya dengu.

"Nikaona kama jicho linanitazama," aliniambia jioni ile.

"Ulisema hayana macho."

"Ndiyo maana nikashtuka."

Akakirudisha. Hakumwambia mtu. Alikiweka kwenye beseni la nyuma, lile lenye maji ya bahari yapitayo, ya kusuuzia brashi, chini ya kidirisha. Kila Ijumaa alikisugua mwani kwa mswaki wa mtoto, taratibu, pembeni pembeni, bila kugusa pale penye uhai. Mwaka wa kwanza doa likawa sawa na kucha. Mwaka wa pili likafunika upande mmoja. Kuna mwaka halikuongezeka hata unywele, na wifi akakonda yeye. Mimi nilimcheka. Nilimwambia wenzake wanafuga kuku, yeye anafuga kokoto, tena kokoto mgonjwa.

Siku moja akanichukua kwa mkono akanipeleka kwenye beseni, akanipa lenzi ya kukuzia, akasema, "Cheka sasa." Nikainama. Kwanza niliona jiwe la mviringo lenye mikunjo, kama ubongo uliosahauliwa mezani. Ndipo nikampa jina la Kichwa. Wifi akafunika kidirisha kwa kanga yake, pakawa giza, akawasha taa nyekundu ndogo. Akasema ngoja. Nikangoja. Mikunjo ile ikaanza kutoa vidole. Mmoja, kumi, kisha sikuweza kuhesabu. Kila bonde la ule ubongo likajaa vidole vilivyo wazi kama kioo, vinapapasa maji, na katikati yake midomo inafunguka na kufumba, safu baada ya safu, mji mzima umeamka kwenda kutafuta riziki. Nilibaki nimeinama mpaka wifi akanishika bega. Alidhani nimezirai.

Daktari alipohamia jengoni alimkuta Kichwa kwenye beseni la brashi. Alimwita wifi, na wifi akaja akijua leo ndiyo leo. Daktari akamuuliza, "Mama, hiki umekilea kwa muda gani?" Aliposikia miaka, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Wiki iliyofuata Kichwa akahamia Chumba cha Giza, akapewa jua lake na mwezi wake. Kizazi cha tumbawe lililookoka kwenye joto kama lile, Daktari alisema, kinaweza kuwa kizazi cha watoto wagumu, wa kupandwa baharini pale ukuta ulipokufa. Kilichobaki ni Kichwa kutaga. Mwaka jana hakutaga, wakasema bado mdogo. Mwaka huu yuko sawa na bakuli kubwa la mchuzi, hana kisingizio.

Na mwaka huu, wale wa matangi mengine walitaga kwa siku yao bila wasiwasi. Kichwa, kimya. Daktari na Fundi wa pampu walikaa naye siku tatu mfululizo, taa nyekundu vichwani, kalenda ukutani imezungushiwa duara. Siku ya nne Daktari akaandika kwamba ni tasa. Tangi lilikuwa linahitajika kwa kazi nyingine. Kichwa akatwe vipande kwa msumeno, wanafunzi wa chuo wapate kuona ndani yake.

Jioni hiyo ndipo wifi alipokaa kitandani, akavua soksi moja, akasahau nyingine, akaniambia.

Wiki kadhaa nyuma bomba lilipasuka Chumba cha Giza. Maji yalijaa sakafuni, naye akaleta mashine ya kufyonza maji. Karibu na mlango palikuwa na tundu moja tu la umeme ambalo waya wa mashine ungefika, na tundu hilo lilikuwa na plagi ndogo nyeupe. Akaichomoa. Akafyonza, akakausha, akafurahi sakafu ilivyong'aa, akabeba mashine yake akaenda. Siku sita baadaye, akifuta vumbi, akaikuta ile plagi inaning'inia. Akairudisha tundu lake. Hakumwambia mtu, kwa sababu alidhani taa ni taa, ukiizima inazimika, ukiiwasha inawaka. Hakujua kwamba kisanduku kile, umeme ukikatika, husimamisha hesabu na kuendelea pale pale kilipoishia. Mwezi wa Kichwa ulikuwa umelala siku sita nzima. Kalenda ya ukutani ilikuwa inazungumzia mwezi wa mtu mwingine.

"Na wao hawakuona?" nilimuuliza. "Wasomi wazima, siku tatu wamekaa mle, hawakuona mwezi unawaka wakati palitakiwa giza?"

"Wewe nani anatazama mwezi siku hizi?" akasema. "Wanatazama kalenda. Halafu wana taa vichwani. Mimi napiga deki bila taa. Niliuona. Jua lao limezama na mwezi uko juu, mkubwa, nikasema hii mbona si sawa. Nikasimama na deki langu. Ndipo nikakumbuka plagi."

Hayo ndiyo tuliyokuwa tukigombania asubuhi ile juu ya kiatu.

Tulitembea hadi kazini. Langoni aliniambia niende nikapike chai yangu na nisimfuate. Nikapika. Ila Daktari hunywa chai saa mbili na nusu, na sinia halijipeleki lenyewe, kwa hiyo nilikuwa nje ya mlango wake, si kusikiliza, sikio tu ndilo lililotangulia.

"Daktari, Kichwa si tasa."

"Mama, najua unampenda. Lakini tumengoja siku tatu."

"Mlingoja siku zisizo zake. Mwezi wake umechelewa siku sita. Niliuchomoa mimi."

Nilisikia kalamu ikiwekwa mezani.

"Uliuchomoa."

"Siku ya bomba. Nilitaka tundu la mashine. Nikasahau kuurudisha."

"Na ulipojua hukusema?"

"Niliogopa."

Daktari ni mtu mpole; hata pacha wake huwagombeza kwa kuwaomba. Sijawahi kumsikia akipandisha sauti mpaka siku ile. "Anataga mara moja kwa mwaka, mama! Mara moja! Ningemkata leo! Miaka tisa, ningemkata kwa mkono wangu, na wewe unajua?" Kisha nikasikia akiongea kwenye simu na Mkuu wa jengo, akimwomba ashuke akipata nafasi, kuna jambo la mfanyakazi.

"Kwa hesabu yako," Daktari akasema baada ya hapo, sauti imeshuka, "leo ni siku ya ngapi?"

"Ya nne baada ya mpevu. Juzi na jana jua lao lilipozama pakawa giza totoro kwanza, ndipo mwezi ukachomoza. Na leo giza litakuwa refu zaidi."

Giza hilo, kabla ya mwezi kuchomoza, ndilo matumbawe wanalolisubiri. Daktari analijua kwa vitabu. Wifi aliligundua kwa deki. Nadhani wote wawili waliliona hilo kwa wakati mmoja, kwa sababu mara Daktari akafungua mlango ghafla, nikawa uso kwa uso naye, sinia mkononi.

"Bibi," akasema, "chai yako imepoa."

"Nilikuwa naipuliza."

"Mwambie Fundi aweke msumeno chini. Tunangoja hadi saa tisa. Kisha mje wote, na mje bila simu."

Saa tatu jua la Kichwa likazama. Tuliketi wanne kuzunguka tangi juu ya ndoo na vibao, pazia limefungwa, taa moja nyekundu kwenye kona, ndogo kama ncha ya ubani unaoungua. Nje ya ukuta ule mchana ulikuwa unachoma bati. Sisi ndani tulikuwa usiku. Fundi wa pampu, ambaye ana tumbo linaloongea, alininong'oneza, "Bibi Chai, ukipiga chafya hapa tunakufukuza wewe kabla ya mwenzako." Nikamwambia chafya yangu ya mwisho iliangusha mnazi, hivyo anishike pua. Daktari akasema shh. Wifi hakucheka. Alikuwa ameweka kiganja kwenye kioo, kama mtu anayempima mgonjwa homa.

Saa nne ikapita. Saa tano, saa ile ya msumeno, ikapita. Kichwa alikuwa ametoa vidole vyake, anapapasa maji kama kawaida yake, hana habari kwamba ana kesi. Daktari alitazama saa, akaifunika kwa mkono wa shati. Nikaanza kutunga moyoni uongo wa kumwokoa wifi, uongo mkubwa, wa kupendeza, wenye moshi na wazima moto.

Ilikuwa saa sita na nusu wifi aliposema, taratibu kabisa, "Anakunja vidole."

Tukainama. Vidole vilikuwa vinarudi ndani, bonde baada ya bonde, mpaka Kichwa akawa laini mzima. Daktari akaacha kupumua. Nilikuwa karibu, nilisikia pumzi ikikatika. Halafu midomo ikaanza kuvimba. Sijui niseme nini kingine. Kila mdomo uliinuka kidogo, ukajaa, na ndani yake kikatokea kitone cha rangi ya waridi, cha mviringo kamili, kikakaa pale mdomoni, hakitoki, kama neno mtu analolishikilia ulimini akisubiri wenzake wanyamaze. Maelfu. Hakuna mdomo uliotangulia. Walikuwa wanangojana. Viumbe wasio na jicho wala sikio walikuwa wanangojana, na sisi tuliokuwa na yote mawili tulikuwa hatujui nini kinangojwa.

Kisha wakaachia.

Mvua ikanyesha kwenda juu. Vitone vile vilipanda vyote pamoja, polepole, bila haraka ya kitu chochote duniani, vikizunguka kidogo, vikipishana, na maji yote ya tangi yakawa waridi kwa taa ile nyekundu. Vikafika juu vikatanda juu ya maji kama ushanga uliomwagwa. Na Kichwa bado alikuwa anatoa. Harufu ikaja, nzito, ya chumvi na ya uzazi. Aliyewahi kuingia chumba cha mzazi saa hiyo hiyo anaijua. Nikakuta nimemshika mkono Fundi, na yeye hajauondoa.

"Huko baharini," Daktari akanong'ona, na sauti yake haikuwa ya daktari, "usiku wao ukifika, ukuta mzima unafanya hivi. Maili na maili. Saa ile ile."

"Nani anawaambia?" nikauliza.

"Mwezi. Na joto la maji. Na kitu kingine ambacho bado hatukijui."

Nimejaribu tangu siku ile kukiongezea chumvi kisa hiki, kwa tabia yangu, na sijapata pa kuitia. Kila ninachoongeza kinapunguza.

Wifi alikuwa analia bila sauti, machozi yanateremka yenyewe, na mikono yake imeshaanza kazi: ameshika kikombe cha kioo, anachota vitone kutoka juu ya maji kwa pembeni, taratibu, kama alivyokuwa anasugua kwa mswaki. Daktari akamtuma Fundi kwenye jokofu la barafu kali kuleta mbegu za kiume za wenzake wa tangi la pili zilizohifadhiwa siku walipotaga. Fundi alikwenda akikimbia kwa vidole vya miguu, akafungua mlango wa kwanza, akaufunga, ndipo akafungua wa pili, hivyo ndivyo ilivyo sheria ya chumba kile. Na akarudi hivyo hivyo, na chupa ndogo inayofuka baridi. Sikujua mtu mwenye tumbo lile anaweza kupita bila kusikika.

Wakachanganya. Sasa ilikuwa kungoja tena, lakini kungoja kwa aina nyingine, na ndimi zikarudi midomoni.

"Nina swali," Fundi akanong'ona, daftari la chumba liko magotini kwake. "Hapa kuna sehemu ya sababu ya kuchelewa. Naandika nini?"

"Andika panya," nikasema.

"Panya?"

"Panya mkubwa. Aliingia, akachomoa plagi, akataka kuchajia simu yake."

Daktari alicheka kwa pua kabla hajajizuia. "Siku sita, bibi?"

"Simu yenyewe ilikuwa ya zamani."

"Andika mimi," wifi akasema. Hakuinua macho kutoka kwenye kikombe. "Andika: msafishaji alichomoa mwezi siku sita, akanyamaza, kisha akasema. Yote matatu, Fundi, usiruke la katikati."

"Shangazi, ukishaandikwa humu—"

"Andika."

Kalamu ya Fundi ikaanza kukwaruza, pole pole, kama inayotafuta sababu ya kuishiwa wino.

"Wifi, watakufukuza," nikamwambia. "Panya hana pensheni, mwache achukue lawama."

"Wanifukuze. Mbele ya hivi niseme uongo?" Akanionyesha kikombe, na vitone vinaogelea humo, waridi, hai, havijali. "Hata wewe leo huwezi. Jaribu uone."

Nikajaribu. Nikafungua mdomo. Mara ya kwanza tangu nizaliwe hakikutoka kitu.

"Mama," Daktari akasema, "nilimwita Mkuu nikiwa na hasira. Akija nitamwambia—"

"Hutamwambia kitu, mwanangu. Nitamwambia mwenyewe, la plagi na la kunyamaza. Wewe mwambie la Kichwa."

"Sikiliza kwanza. Nitamwambia kwamba bila wewe kusingekuwa na Kichwa wa kukatwa wala wa kutaga, na kwamba mimi niliyesoma miaka yote ile nilikaa siku tatu chini ya mwezi usio sahihi sikuinua kichwa kuutazama, na kwamba kama kuna mtu wa kufukuzwa hapa basi aanze na—"

Milango yote miwili ikafunguka kwa pamoja. Asiyejua sheria ya chumba huifungua hivyo. Pazia likavutwa, na upanga wa mchana ukaingia hadi miguuni petu, na katikati yake amesimama Mkuu, suti na tai, karatasi mkononi, anapepesa macho asione kitu.

"Funga mlango, mzee," wifi akasema bila kugeuka, amekifunika kikombe kwa mwili wake. "Unaingiza mchana."

Mkuu akafunga. Tukasikia viatu vyake vikipapasa sakafu kuja upande wetu, kimoja, kingine, mpaka vikasimama kando ya tangi, naye akainama juu ya vile vitone vya waridi, karatasi ameisahau mkononi.